Ukishindwa Kuongea, Simama

Naandika haya nikiwa nimesimama. Karatasi nimeiweka juu ya kabati la vyombo, maana kabati hilo linanifika kifuani na halinilazimishi kuinama. Binti yangu Furaha akinikuta hivi anacheka, ananiuliza kama nimeajiriwa kufundisha ubaoni. Acheke. Mimi nimekaa kitako vya kutosha, na nusura kiti kinimalize kabla ya ugonjwa wenyewe.

Nakuandikia wewe ambaye dokta amekuambia moyo wako umechoka, na watu wa nyumbani kwako wamelia, wakakufunika blanketi na kukuambia pumzika. Wanakupenda, hilo usilitilie shaka. Lakini nisikilize na mimi kidogo, kwa sababu nimepita hapo na ninaikumbuka njia.

Kwanza ujue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa mama wa maharagwe. Nilipanda gari kwenda masoko ya Walungu, nikanunua magunia, nikarudi Bukavu kuyauza, na keshokutwa yake niko tena barabarani. Marehemu mume wangu alikuwa akisema miguu yangu haina adabu, haijui kutulia hata siku ya Bwana. Nyumba yetu iko katikati ya mlima kule Kadutu. Barabara ya magari iko chini, kanisa liko juu, na mtu wa kwetu hawezi kwenda popote bila kupanda au kushuka. Nilipanda na kushuka miaka yote hiyo bila kujua kwamba ni kazi.

Ugonjwa ulianza mvua za mwanzo zilipoanza. Viatu vilinibana. Nilidhani vimelowa vikasinyaa, nikavilaani viatu. Kisha sketi ikanibana kiunoni, nami sikuwa nakula zaidi ya kawaida. Ukibonyeza mguu wangu kwa kidole, shimo lilibaki pale kama kwenye donge la bugali. Kulala chali nikashindwa, nikawa nalala nimeegemea mito kama mtu anayesubiri gari. Siku moja nikitoka barabarani na kifurushi kidogo tu cha sambaza, dagaa wa ziwa letu, pumzi ilikwisha. Nilisimama nimeshika ukuta wa watu, jasho linanitoka na mvua inaninyeshea, nikaona aibu kuita mtu. Nilirudi nyumbani sikusema neno. Kesho yake sikuweza kufika hata chooni.

Hospitali nitaielezea kwa ufupi, kwa kuwa huenda wewe unaijua kuliko mimi. Kule kinachochosha ni benchi. Unafika alfajiri, unakuta waliofika alfajiri zaidi yako. Unakaa, unasogea, unakaa. Mwenzako anakuonyesha miguu yake, nawe unamwonyesha yako, mnalinganisha kama wanawake wanaolinganisha vitenge. Niliona wanaume wazima wakilala usingizi wameketi, vichwa vimeangukia mabega ya watu wasiowajua, na hao wasiowajua wakawaacha walale. Huruma ndogo ndogo kama hizo ziko nyingi kwenye benchi, ukiangalia.

Dokta alisema moyo umedhoofika, unasukuma damu bila nguvu. Akanipa dawa za moyo na ile ya kukojoza, ambayo ilinifanya nikimbilie chooni kuanzia asubuhi hadi mchana. Akanikataza chumvi. Nilimuuliza, sambaza bila chumvi ni sambaza gani tena? Akacheka, lakini hakubadilisha. Maji yakatoka mwilini. Na hapo ndipo nilipotishika kweli, kwa sababu uvimbe ulipoondoka nilikuta chini yake miguu ya bibi kizee nisiyemjua. Mapaja yamesinyaa, ngozi inaning'inia. Nilikuwa nimeulaumu uvimbe kwa wiki nyingi, kumbe ulikuwa unanifichia jambo.

Nikarudishwa nyumbani. Wanangu wawili wa kiume walioko Kamanyola walikuwa wameshafanya lao. Walituma kiti. Si kiti cha kawaida, ni kiti kikubwa chenye mito na mikono mipana, fundi alikishonea kitambaa chekundu. Furaha, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na ndiye ninayeishi naye, alikiweka karibu na mlango ili nione watu wakipita. Alinishika mikono miwili, akaniketisha taratibu kama anayeweka yai.

"Maman, ikala hapa," aliniambia. "Kila kitu unataka, nitakuletea."

"Sitaki kuletewa. Nataka niende miye mwenyewe."

"Uende wapi? Uko mugonjwa. Umeshatumika ya kutosha. Sasa ni zamu yetu."

Kwetu, mama aliyelea watoto wakakua hapaswi kuonekana akihangaika, hasa akiwa mgonjwa. Wageni wanakuja kumwangalia, na wakiangalia mgonjwa wanaangalia pia watoto wake. Wakimkuta ameketi vizuri, amevaa kitenge kisafi, kikombe cha chai kiko mkononi, wanarudi wakisema huyu mama amezaa. Wakimkuta anaosha sufuria, maneno yanashuka mlima mzima kabla hawajafika kwao. Basi Furaha alinikalisha kwa heshima. Majirani walimsifu. Mama Sifa wa nyumba ya pili alinitazama nilivyotandazwa kwenye mito, akasema, "Eeh, maman, uko sawa na mwami!" Nikatabasamu kama huyo mfalme aliyenifananisha naye, lakini moyoni nilitamani kumrushia kikombe.

Maana kiti kile kilikuwa kinanila. Wiki baada ya wiki niliona vigumu zaidi kuinuka. Mwanzo nilijisukuma kwa mkono mmoja, kisha miwili, kisha nikawa namwita Furaha. Usingizi wa mchana ukaniharibia wa usiku. Nikawa mkali. Nilimgombeza Furaha kwa chai ya moto, nikamgombeza kwa chai ya baridi. Nilikuwa nachungulia watu wakipita na ndoo, na watoto, na majani ya muhogo ya sombe, na nilikuwa na wivu hata na mbuzi.

Kurudi kwangu kliniki dokta alinitazama nikijaribu kutoka kwenye benchi, akakunja uso. Akanipeleka kwa kine, yaani mtu wa mazoezi. Chumba chake kilikuwa na baiskeli isiyo na magurudumu na ngazi ya mbao inayopanda upande mmoja na kushuka upande mwingine bila kufika popote. Niliwaza, hawa watu wa Bukavu wamekosa milima hata wakajenga mwingine ndani? Kine mwenyewe, Papa Deo, alikuwa mwanamume mwenye tumbo linalomtangulia. Sikuweza kujizuia, nilimuuliza mazoezi hayo yeye anayafanya saa ngapi.

"Nafundisha tu, maman," alinijibu bila kukasirika. "Sikia. Moyo ni nyama. Nyama yenye haitumike inalegea. Sasa miguu yako imelegea, na moyo inafanya kazi mbili, yake na ya miguu."

"Nyumbani banasema nipumuzike."

"Umepumuzika, na unaona. Utatembea kila siku, kidogo kidogo. Na ukitembea, ongea. Sauti ya kawaida, sawa vile tunaongea hapa. Maneno ikianza kukatika mu kinywa, simama. Ukishindwa kuongea, simama, usione haya. Na ukisikia maumivu ya kifua ao kichwa inazunguka, unaacha, unakuja hapa."

Hiyo ndiyo dawa yote aliyonipa. Nami niliipenda, kwa sababu kuongea sikuwahi kushindwa.

Lakini Furaha hakuipenda. Na hapa lazima nikuambie juu ya baba yake. Mume wangu hakuwa mgonjwa wa kitu chochote tulichokijua. Jumapili moja alikuwa anapanda kutoka barabarani, akafika kwenye kona ya bomba, pale watu wanapochota maji, akaanguka. Hakusema neno. Furaha alipigiwa simu na mtu aliyeokota simu ya baba yake. Alipofika alikuta wamemfunika kitenge cha mtu. Tangu siku hiyo mlima ule kwa Furaha si mlima tena. Mimi nilikuwa nimelia machozi yangu mbele ya watu, katika matanga, kwa sauti, kama inavyotakiwa. Yeye alikuwa anapika na kupokea wageni. Sijui alilia lini.

Kwa hiyo nilipomwambia kwamba kine amesema nitembee, aliendelea kuchambua mchele. Asubuhi yake alipokwenda shuleni nilisikia kufuli inalia kwenye geti. Mtoto wangu niliyemzaa alinifungia ndani.

Nilikasirika. Nilikaa kwenye kile kiti chekundu nikimtukana polepole, kisha nikaona ninatukana bila kukatika pumzi, nikasimama. Uwanja wetu si mkubwa. Kutoka ukuta wa mbele mpaka jiko ni hatua chache tu. Nikaanza kwenda na kurudi nikishika ukuta. Nani wa kuongea naye? Nikachukua rozari. Nikawa nasali Salamu Maria kwa sauti, nikitembea. Siku ya kwanza sikufika hata "umebarikiwa" kabla pumzi haijakatika, nikasimama nimeegemea jiko, nikimwomba Bikira radhi kwa kumkata katikati. Miguu ilitetemeka kama ya ndama. Lakini jioni nilikula vizuri, na usiku nililala, na Furaha akafikiri ni kiti.

Hivyo ndivyo ulivyopita msimu wa mvua. Furaha akitoka, mimi naanza. Mvua ikinyesha nilizunguka meza ndani ya nyumba, nikashika mgongo wa kiti, nikainuka na kukaa, nikainuka na kukaa, mpaka mapaja yakawaka moto. Kuna siku nilichukia kila kitu, nikatupa rozari kitandani. Kuna siku miguu ilivimba tena kwa sababu nilikula ndizi za Mama Sifa zilizojaa chumvi, nikarudi benchi ya hospitali na kupewa dawa nyingine ya kukojoza. Usidhani ni njia iliyonyooka. Lakini Salamu Maria ikaanza kufika mwisho. Kisha mbili. Kisha nikaona nimeinuka kwenye kiti bila kujisukuma na mikono, nikabaki nimesimama katikati ya nyumba kama mwizi, nikicheka peke yangu.

Aliyenichoma ni Mama Sifa. Aliangalia juu ya ukuta akanikuta nafagia uwanja, jasho linanitoka. Jioni alimsubiri Furaha njiani.

"Furaha, mama yako anafagia! Mugonjwa wa moyo! Batu batasema unamutumikisha."

Furaha aliingia ndani bado ana mkoba begani. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Maman, unataka kufwa?"

"Nataka kuishi."

"Na miye? Miye nitabaki na nani?"

 Aliweka mkoba chini, akaenda kupika. Siku zile zilizofuata nyumba yetu ilikuwa kama chumba cha kungojea cha hospitali. Kila mmoja alikuwa upande wake, na hakuna aliyejua ataitwa lini. Naye aliendelea kufunga geti.

Siku ya kliniki alinisindikiza mwenyewe, amevaa nguo zake za mkutano wa wazazi. Nilijua anakwenda kugombana. Papa Deo hakumaliza hata kumsalimu.

"Papa, baba yetu alikufwa ku ule mulima," Furaha alisema. "Alikuwa anapanda tu. Hakuwa na ugonjwa. Sasa mama, mwenye iko na ugonjwa ya moyo, munamwambia atembee?"

Papa Deo akavuta kigoda, akaketi, tumbo likatulia magotini. "Pole sana, dada yangu. Moyo ya baba yenu, hapana mutu aliijua iko je. Ya mama yako tunaijua. Tunaipima, iko na dawa yake. Maman, panda ile ngazi."

Nikapanda ile ngazi isiyofika popote. Nikashuka, nikapanda tena, na nikiwa juu nikamwambia Furaha kwamba nguo yake imechanika kwapani. Nilisema maneno yote bila kupumzika. Alinitazama kana kwamba nimetoka kaburini. Papa Deo alisema, "Miye sikumwambia apande peke yake kwa kujificha. Atapanda na wewe."

 Tuliporudi Furaha hakusimamisha pikipiki kama kawaida. Alisimama chini ya mlima, akautazama, akatazama miguu yangu. Kisha akasema siku ile hapana, tungengoja mvua iishe, udongo unateleza. Nilikubali. Yeye ndiye aliyehitaji muda.

Kabla sijafika mwisho, niseme jambo kwa wewe unayesoma. Usianze kwa kuniiga mimi niliyejificha. Ulizia kwanza, dokta akuangalie, kwa sababu mioyo haifanani na kuna siku ambazo kupumzika ndiko dawa. Usiache vidonge kwa kuwa umepata nguvu, kwa maana vidonge navyo vina mkono katika nguvu hiyo. Ukiwa huna nafasi ya kutembea, inuka na ukae, hata kama ni kando ya kitanda. Wazee wenzangu, msikubali kuletewa kila kitu. Mwambie mjukuu, kikombe hicho nitakifuata mwenyewe. Atanuna, wageni watanong'ona. Waache wanong'one, hawatakuja kukubebea miguu yako. Na ninyi watoto wetu, mtu akiwaambia mama yenu anatembea, msione haya.

Mvua ziliisha. Vumbi likaanza, asubuhi zikawa na ukungu juu ya ziwa. Jumapili moja Furaha aliporudi kutoka misa ya kwanza alisema, "Twende." Tulishuka hadi barabarani polepole, tukageuka, tukaanza kupanda. Alinishika mkono juu ya kiwiko, amenibana mpaka unauma. Mimi niliongea. Niliongea juu ya bei ya maharagwe, juu ya padri anayehubiri kama amelipwa kwa saa, juu ya Mama Sifa. Nikiona maneno yanapungua nilisimama, tukatazama watu wakipita na madumu, pumzi ikarudi, tukaendelea. Kifua kilifanya kazi lakini hakikunitisha. Kila tuliposimama Furaha alinitazama midomo.

Tulipokaribia kona ya bomba, yeye ndiye aliyenyamaza. Nikamwambia, "Ongea na wewe."

"Miye siko mugonjwa."

"Ongea tu."

Alijaribu. "Kila simu yenye inalia, niko mu klasi, batoto bananiangalia, nasema, ni Maman. Bamemukuta ku kona. Kila simu, Maman. Hata ya deni ya kitenge. Nasema sasa ni..." Hapo sauti ikakatika. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Akaketi pale pale kwenye jiwe la bomba, nguo zake za misa kwenye maji, akalia kama hakuwahi kulia. Mwanamke mmoja aliweka dumu chini, akauliza nani amekufa. Nilimwambia ni zamani.

Niliinama mbele ya binti yangu. Niliogopa pia, sitaficha, maana pale ndipo alipoanguka mume wangu, na moyo ulikuwa unanipiga masikioni.

"Nitakufwa, Furaha," nilimwambia. "Siku moja. Hata wewe. Lakini ukifunga ule mulango, miye ninakufwa kila asubui ukitoka."

Alilia mpaka akamaliza. Watu walichota maji wakituzunguka, hakuna aliyetuharakisha. Kisha akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akajaribu kuinuka, akashindwa. Furaha si mtu mwembamba. Akanyoosha mikono yote miwili kwangu bila kufikiri, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

Nikakita miguu chini, nikamvuta, akasimama.